Matundu ni madogo, upasuaji si mdogo

SWALI: Shikamoo Daktari. Baba yangu ana miaka 79, ni mwalimu mstaafu, anaishi Rombo. Hadi Pasaka alikuwa anashinda kwenye migomba yake na kumkatia ng'ombe majani mwenyewe. Baadaye akaanza kushiba haraka na kukonda, kutoka kilo 64 hadi 55. Mwezi uliopita alipata choo cheusi akaishiwa nguvu, wingi wa damu ukakutwa 8.4. Alimezeshwa kamera, wakaona kidonda sehemu ya chini ya mfuko wa chakula, wakakata kinyama, majibu yakaja ni saratani. Sitiskani ya kifua na tumbo haijaonyesha kusambaa. Ana presha na anatumia vidonge, kisukari hana, sigara aliacha zamani. Daktari wa upasuaji anasema anaweza kuitoa kwa matundu madogo. Kaka yangu mkubwa anasema mzee wa umri huo hapelekwi kwenye kisu. Kaka aliyeko Muscat anataka apelekwe India. Mimi ndiye ninayemuuguza. Je, kwa umri wake upasuaji huo ni salama? Na ataweza kurudi kwenye migomba yake?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Umeandika vizuri. Umenipa karibu kila kitu ambacho daktari angekuuliza, isipokuwa jambo moja, nitalifikia.

Kwa mzee wa miaka 79 ambaye saratani iko sehemu ya chini ya mfuko wa chakula na vipimo havijaonyesha kusambaa, upasuaji wa matundu unaweza kufanyika kwa usalama, na una nafuu ya kweli kwa mapafu na kwa kidonda. Ila nisingependa uingie kwenye kikao cha familia ukitegemea neno "matundu" peke yake. Kinachomvusha mzee ni hali anayoingia nayo chumba cha upasuaji, mikono inayomfanyia, na macho yanayomtazama usiku katika siku 10 za mwanzo.

Nikueleze kinachofanyika ndani. Mgonjwa akishapewa nusukaputi, hewa ya kaboni dayoksaidi inapulizwa tumboni mpaka tumbo linainuka. Yanatobolewa matundu 5 hivi, ya milimita 5 hadi 12. Moja la kamera, mengine ya vyombo virefu vyembamba. Daktari anafanya kazi akitazama skrini. Kuanzia hapo anafanya kilekile ambacho angefanya tumbo likiwa wazi. Anauachanisha mfuko wa chakula na mafuta yanayoning'inia chini yake, anafunga mishipa ya damu mmoja baada ya mwingine, anakusanya tezi za limfu, ile mitoki ya ndani, inayofuata mishipa hiyo hadi jirani na kongosho na ini. Kisha anakata kama theluthi mbili za chini za mfuko pamoja na mwanzo wa utumbo mwembamba, anaunga kilichobaki na utumbo, na kipande kilichokatwa kinatolewa kwa mkato wa sentimita 4 au 5 karibu na kitovu. Kazi nzima huchukua saa 3 hadi 5, na mara nyingi ni ndefu kuliko kazi ya kufungua. Kwa hiyo mtu akikwambia "ni matundu tu", mjibu kwamba makovu ndiyo madogo. Maungio ya ndani ni yaleyale, na maungio yakivuja yanavuja vilevile.

Nafuu iko wapi basi? Iko kwenye kukohoa.

Ukimfungua mtu kutoka chini ya kifua hadi kitovuni, kila pumzi inavuta kidonda. Kijana atavumilia. Mzee hufanya hesabu yake kimyakimya: anapumua nusu, hakohoi, hageuki. Ukimuuliza kama anaumia, anakujibu, "Hapana mwanangu, nimepumzika tu." Makohozi yanatuama chini ya mapafu, siku ya tatu homa inapanda, siku ya nne ni nimonia. Nimewaona wazee waliotolewa saratani yote, maungio yakashika vizuri, wakachukuliwa na nimonia. Mzee aliyefanyiwa kwa matundu anaweza kukalishwa jioni ileile, kesho yake akatembezwa hadi mlangoni, na akiambiwa kohoa, anakohoa. Damu inayomwagika ni kidogo. Zile dawa kali za maumivu zinazolevya akili anahitaji chache. Utumbo unaamka mapema. Na kwa mtu aliyepoteza kilo 9, kutokuwa na kidonda kirefu kinachoweza kuoza au kuachia ni jambo kubwa.

Lakini ile hewa nayo ina uzito wake. Inasukuma kiwambo cha mapafu kwenda juu, inabana mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, na sehemu yake inaingia kwenye damu ambako mapafu yanapaswa kuitoa. Isitoshe, kitanda kinainamishwa kichwa kikiwa juu ili utumbo ushuke, basi damu inabaki miguuni. Moyo wenye afya hausumbuki. Moyo uliochoka, au mapafu yaliyokula moshi miaka mingi, unaweza kushindwa katikati ya kazi. Nasema moshi nikimaanisha na wa kuni. Usiseme tu kwamba sigara aliacha, mwambie daktari wa usingizi kama nyumbani jiko liko ndani. Ndiyo maana kabla ya kukubali matundu nataka kipimo cha umeme wa moyo, eko ya moyo, yaani picha ya moyo ukiwa unapiga, na mazungumzo na daktari wa usingizi mapema, si asubuhi ya upasuaji. Tumbo likipulizwa kwa shinikizo la milimita 10 hadi 12 za zebaki badala ya 15, wazee wengi wanavumilia. Asipovumilia, hewa inaachiwa na tumbo linafunguliwa. Hilo likitokea msilichukue kama kushindwa kwa daktari. Daktari anayejua wakati wa kufungua ndiye ninayemtaka.

Wapo wazee ambao nisingewaanza kwa matundu kabisa: moyo unaosukuma damu kwa shida, pumu au ugonjwa wa mapafu unaomfanya ahemee akiwa amekaa, tumbo lililopasuliwa mara kadhaa na kujaa makovu, uvimbe mkubwa ulioshika kongosho au ini, na anayetoka damu nyingi sasa hivi. Kwa maelezo yako, baba yako hayumo.

Upasuaji huu una historia ndefu. Theodor Billroth ndiye wa kwanza kufanikiwa kutoa sehemu ya mfuko wa chakula wenye saratani, Vienna, Januari 1881. Miaka 110 baadaye, 1991, Seigo Kitano na wenzake huko Oita, Japani, wakafanya kwa msaada wa kamera na matundu. Korea Kusini ikaja na utafiti mkubwa wa KLASS-01: wagonjwa 1,416 wa saratani ya hatua ya kwanza, wakagawanywa kwa bahati nasibu kati ya matundu na kufunguliwa. Waliopata matatizo baada ya upasuaji walikuwa asilimia 13.0 kwa matundu na 19.9 kwa kufunguliwa. Baada ya miaka 5, waliokuwa hai ni asilimia 94.2 na 93.3, kwa maneno mengine, kupitia matundu hakukuwapunguzia nafasi ya kupona saratani. China nayo, katika CLASS-01, ikapima wagonjwa zaidi ya 1,000 ambao saratani yao ilikuwa imekomaa zaidi. Waliofikisha miaka 3 bila saratani kurudi walikuwa asilimia 76.5 kwa matundu na 77.8 kwa kufunguliwa, tofauti isiyo na maana.

Wengi wakifika hapo hufunga daftari. Mimi nakuomba utazame umri. KLASS-01 haikupokea mtu aliyezidi miaka 80. CLASS-01 iliishia 75. Baba yako Korea angeingia kwa kupenya, na China angerudishwa mlangoni. Kwa wazee wa umri wake na zaidi tunategemea sana kumbukumbu za hospitali, hasa za Japani na Korea, ambako kupasuliwa ukiwa na miaka 80 na kitu si ajabu. Kumbukumbu hizo zinaelekea upande mmoja: damu kidogo, nimonia chache, siku chache wodini, na vifo visivyozidi vya kufungua. Udhaifu wake ni kwamba daktari ndiye aliyechagua nani apitie matundu, na mara nyingi huchaguliwa aliye imara.

Kisha kuna Uholanzi, na utafiti wao wa LOGICA, wagonjwa 227. Kule waliolazwa kwa matundu na waliofunguliwa wote walikaa siku 7 kwa wastani, na matatizo yalilingana. Hilo halinitii hofu. Linaniambia kwamba pale ambapo kazi ya kufungua nayo inafanywa vizuri na wagonjwa wanaamshwa mapema, pengo linakuwa dogo. Kwa hiyo nitakueleza msimamo wangu bila kuzunguka: kwa mzee aliyepimwa vizuri matundu si hatari zaidi, na mara nyingi ni afadhali, lakini si afadhali kiasi cha kumwacha daktari mzoefu wa kufungua ukamfuata asiye mzoefu wa matundu.

Sasa kaka yako mkubwa. Ana hoja na asikemewe. Wazee wanakufa kwenye upasuaji huu kuliko vijana, hata Japani, ambako kwa jumla mgonjwa takriban 1 kati ya 100 ndiye anayefariki hospitalini baada ya kutolewa sehemu ya chini ya mfuko, na kama 2 kati ya 100 ukitolewa mfuko wote. Kwa mwenye karibu miaka 80 hatari ni kubwa kuliko hizo, na kwetu, ambako damu na vitanda vya wagonjwa mahututi ni vya kupigania, inazidi. Lakini nimewapasua wazee wa 82 waliokuwa na nguvu kuliko watu wa 65. Miaka haituambii vya kutosha; tunatazama udhaifu wa mwili. Wakanada wana kipimo cha ngazi 1 hadi 9: wa 1 ni mzee imara anayefanya mazoezi, wa 5 anahitaji msaada wa kwenda sokoni na kupanga dawa zake, wa 7 anaoshwa na kuvishwa na watu wengine. Kuanzia 6 kwenda juu mimi husita sana kupendekeza upasuaji mkubwa wa saratani.

Mtazame baba yako leo. Anyanyuke kwenye kiti bila kushika mikono, mara 5 mfululizo. Apande ngazi za ghorofa mbili, au huko Rombo apande kilima kifupi, akiwa anazungumza nawe. Anaishiwa pumzi wapi? Anaoga na kuvaa mwenyewe? Anakumbuka jana alikula nini, na mjukuu gani alipiga simu? Mtu aliyemkatia ng'ombe majani mwenyewe hadi Pasaka ana akiba mwilini. Ila akiba hiyo inaliwa kila wiki na damu inayopotea na chakula kisichoingia, na hapo ndipo wewe una kazi.

Nasisitiza hapa kuliko popote. Kilo 9 kutoka kwenye 64 ni asilimia 14 ya mwili wake. Mtu aliyekonda hivyo maungio yake hayashiki vizuri. Wataalamu wa lishe wa Ulaya wanashauri mgonjwa wa namna hii alishwe kwa siku 7 hadi 14 kabla ya kupasuliwa, hata kama ni kuchelewesha upasuaji wa saratani, nami nakubaliana nao. Tumbo lake linashiba haraka, basi usimlazimishe sahani. Mpe kidogo kila saa mbili: mtori uliosagwa laini wenye nyama ya kutosha, uji uliochanganywa na maziwa na siagi ya karanga, mayai, parachichi lililopondwa, maziwa ya mgando. Kama anatapika chakula cha jana, mlango wa chini wa mfuko umeanza kuziba. Hilo halitibiwi kwa uji; mrudishe hospitali, huenda akahitaji kulishwa kwa mpira uliopita kwenye kidonda au kwa dripu.

Damu ya 8.4 ni ndogo. Kama kuna wiki mbili au tatu, madini ya chuma kwa njia ya mshipa hupandisha damu vizuri kuliko vidonge, na huenda ikaokoa chupa moja au mbili za kuongezewa. Hata hivyo ndugu wajitokeze kutoa damu mapema. Uliza pia, kwa upole, kama anameza dawa za magoti kama diklofenaki. Wazee wengi wanazo mfukoni na hawazitaji kwa sababu wanaziona si dawa za kueleza. Zinachokonoa kidonda kile kitoe damu. Kama anakunywa mbege, aache sasa, wiki 4 kabla ni nzuri zaidi. Kuhusu presha, vidonge vingine huendelea hadi asubuhi ya upasuaji na vingine husimamishwa siku moja kabla. Daktari wa usingizi ndiye wa kuamua, mpelekee maboksi yenyewe.

Na apumue. Mara 10 kila saa akiwa macho: avute hewa taratibu hadi mwisho, aizuie sekunde 3, aitoe. Atembee asubuhi na jioni. Afundishwe kabla jinsi ya kukumbatia mto tumboni na kukohoa. Mzee aliyejifunza hayo nyumbani anayakumbuka akiwa na maumivu. Anayeambiwa kwa mara ya kwanza akiwa wodini hasikii.

Tuje kwenye mikono. Muulize daktari wako, tena bila aibu: mwaka uliopita umetoa mifuko mingapi ya chakula kwa saratani, na mingapi kwa matundu? Daktari mzuri hachukii swali hilo. Mazoea ya upasuaji huu wa matundu huja baada ya wagonjwa 40 hadi 60 hivi, au chini ya hapo akiwa na mwalimu kando yake. Kutoa mawe ya nyongo au kidole tumbo kwa matundu ni kazi nzuri, lakini haihesabiki hapa. Uliza kama kuna kitanda cha uangalizi wa karibu kwa usiku wa kwanza, nani anakuwapo saa 8 usiku, na kama stepla za kukatia na kuungia utumbo zimo kwenye gharama mliyotajiwa au mtaambiwa mzinunue siku hiyo. Uliza pia kama ataanza kwa kuchungulia tumbo kwa kamera kabla ya kukata chochote, maana chembe za saratani zilizotapakaa kwenye ngozi ya ndani ya tumbo sitiskani haizioni vizuri, na zikikutwa, mpango mzima unabadilika.

Uliza mwisho kuhusu tezi. Miaka ya 1990 Waholanzi walilinganisha kuondoa tezi za karibu tu na kuondoa kwa upana, wakati huo mara nyingi pamoja na bandama na mkia wa kongosho. Kwa upana walifariki hospitalini 10 kati ya 100, dhidi ya 4. Miaka 15 baadaye ikaonekana waliofanyiwa kwa upana waliokufa kwa saratani walikuwa wachache kuliko wale wengine, lakini nafuu hiyo waliiona waliovuka upasuaji tu. Leo tunaondoa tezi kwa upana bila kugusa bandama na kongosho, na hatari imeshuka. Kwa mzee, daktari akikwambia atapunguza kidogo ili asimchoshe, usidhani anafanya kazi nusu. Ni uamuzi wa busara ambao hata mimi huufanya.

Kuhusu India, mwambie kaka wa Muscat kwamba nia yake ni njema na hospitali nzuri zipo. Ila ahesabu na hili: mzee mwenye damu ndogo na saratani yuko kwenye hatari ya damu kuganda miguuni, na kukaa saa nyingi kwenye ndege kunaongeza. Akipasuliwa kule na maungio yakisumbua wiki ya tatu, atakuwa Rombo, na aliyemuunga atakuwa mbali. Kama daktari wenu ana uzoefu na hospitali ina uangalizi, ningeanza nyumbani, na fedha ya tiketi ningeiweka kwenye lishe, damu na kitanda cha uangalizi. Kama majibu ya maswali yangu ya juu yatakuwa ya kusuasua, basi mtafuteni mwingine, ndani au nje.

Nikusimulie tukio moja, kwa sababu wewe ndiye utakayekaa naye. Miaka ya nyuma, katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi, tulimfanyia bibi wa miaka 81 kwa matundu. Siku tatu alikuwa vizuri, akitania wauguzi. Usiku wa nne akaanza kumwita muuguzi kwa jina la dada yake aliyefariki, akavuta dripu, akataka kwenda kufungia mbuzi. Kwenye faili ikaandikwa: amechanganyikiwa, uzee. Homa hakuwa nayo. Tumbo, kwa kuwa halikuwa na kidonda kikubwa, lilionekana tulivu. Mjukuu wake wa kike akasimama pale akisema, "Bibi hayuko hivi. Bibi hajawahi kunisahau." Mapigo ya moyo yalikuwa 118. Tulifika kwake saa 7 baadaye, na hizo saa 7 bado nazikumbuka. Maungio yalikuwa yanavuja. Tulirudi ndani, tukaosha, tukaweka mpira wa kutolea uchafu, akakaa wodini wiki 5, akarudi kwake akiwa hai.

Mzee anayevuja mara nyingi hapandishi homa na hapigi kelele za maumivu. Anabadilika akili, mapigo yanapanda, anapumua haraka, anakataa chakula alichokuwa anakipenda, au bega la kushoto linamuuma bila sababu. Kati ya siku ya 3 na ya 10 mtu wa familia awepo, anayemjua, na akiona mabadiliko aseme, na asipojibiwa aseme tena kwa mkubwa zaidi. Siyo kila kuchanganyikiwa ni kuvuja. Kiu, maumivu, kukosa usingizi na choo kufunga vinatosha kumvuruga mzee. Mpelekee miwani yake siku ileile, kifaa cha kusikilizia kama anacho, saa ya ukutani, redio yake ndogo. Mwambie leo ni siku gani. Na mtu akitaka kumtuliza kwa diazepamu, omba kwanza daktari amtazame.

Daktari wa saratani ataongelea dawa za kabla ya upasuaji. Kwa vijana zinasaidia sana. Kwa mwenye miaka 79, anayetoka damu na mlango wa chini unaokaribia kuziba, wengi wetu tungetangulia kupasua. Akihitaji dawa baadaye, dozi ndogo si aibu: Uingereza walipima wagonjwa 514 wazee au dhaifu wenye saratani ya mfuko wa chakula au umio iliyoenea, na dozi iliyopunguzwa haikuwa dhaifu mbele ya saratani, na watu waliishi nayo kwa raha zaidi.

Sasa lile jambo ambalo barua yako haina. Umeniambia anasema nini kaka mkubwa, anasema nini wa Muscat, anasema nini daktari. Mwalimu mwenyewe anasema nini? Je, ameambiwa ni saratani? Najua kwetu tunawaficha wazee kwa mapenzi. Lakini mtu aliyewafundisha watoto wa watu kusoma anaona nyuso zenu, na anajua. Kaeni naye, mmoja wenu mwenye sauti anayoipenda, mumwambie kwa maneno mepesi, mumuulize anaogopa nini zaidi: kufa mezani, kubaki kitandani akioshwa, au kuwamalizia ng'ombe na fedha. Akisema hataki kisu baada ya kuelewa, huo ni uamuzi wake, na tiba bado ipo. Damu inaweza kutulizwa kwa mionzi, hata ya siku moja, mfuko ukiziba unaweza kutengenezewa njia ya pembeni au kuwekewa bomba, na mofini ya kunywa hutuliza maumivu. Asiachwe tu. Saratani ya sehemu ile ikiachwa bila lolote huziba na kutoa damu, na hicho ni kifo cha njaa na kiu ambacho simtakii mtu.

Jambo la pembeni, ila ni lenu watoto. Kilimanjaro imetajwa tangu zamani kati ya sehemu za Afrika zenye saratani hii kwa wingi, pamoja na Rwanda, Burundi na Kivu. Bakteria wa Helikobakta pailori, ambaye Shirika la Afya Duniani kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani lilimweka kwenye orodha ya visababishi mwaka 1994, huishi tumboni na hupitishwa ndani ya familia. Wewe na kaka zako mpimwe, na mkikutwa naye mtibiwe.

Na migomba? Umeuliza mwishoni kabisa kama vile unaona haya kuuliza, kumbe huenda ndilo swali lake. Akivuka wiki mbili za mwanzo, ndiyo, anaweza kurudi. Atakula mara 6 kwa siku, kidogo kidogo, akiwa amekaa, na asilale moja kwa moja baada ya kula. Chai yenye sukari nyingi inaweza kumtoa jasho na kumpiga moyo mbio dakika 20 baada ya kuinywa. Apunguze sukari, ale kwanza kitu kikavu. Sindano za kuzuia damu kuganda mara nyingi huendelea hadi wiki 4, mjifunze kumchoma nyumbani. Damu, madini ya chuma na vitamini B12 vipimwe kila baada ya miezi michache, maana mfuko ukishapunguzwa, mwili haufyonzi madini hayo na vitamini hiyo kama zamani. Kutembea kati ya migomba, kuanzia wiki ya kwanza akiwa nyumbani. Kukata majani makavu kwa kisu kidogo, baada ya wiki 4. Mzigo wa majani ya ng'ombe asibebe kabla ya wiki 8, na hata hapo uwe nusu ya ule aliouzoea, mjukuu akibeba nusu nyingine.